Tupeane uzoefu: jalada linapotelea wapi ofisini?

Karani_Nyamagana
Mwangaluka wakuu. Ofisi nyingi hapa Mwanza sasa zina kompyuta, skana na barua pepe, lakini swali la "jalada liko wapi?" linaulizwa kila siku kama zamani. Tupeane utaratibu wa kazi, visa tuviache: nini kifanyike, kwa kipimo gani, na kinaharibikia wapi.

Naanza. Jalada halipotelei kabatini, linapotelea kati ya meza na meza. Masijala, yaani chumba cha kutunza majalada, imelitoa kwa Ofisa Utumishi na kadi ya mwendo imeandikwa vizuri. Ofisa Utumishi akampa Mhasibu mkononi, Mhasibu akampelekea bosi. Kadi bado inasema liko kwa Ofisa Utumishi. Dawa yake ni slipu ya kuhamisha: namba ya jalada, limetoka kwa nani, limekwenda kwa nani, tarehe, sahihi. Slipu inarudi masijala siku ileile na kadi inasahihishwa. Halafu kila Ijumaa mchana karani anapita ofisi zote na orodha mkononi, anaandika alichokikuta juu ya kila meza na ndani ya kila droo. Bila sensa hiyo, slipu zitaachwa ndani ya wiki chache, maana hakuna anayezifuatilia.

Jambo la pili ni jalada la muda. Jalada halisi likikosekana, linafunguliwa la muda ili barua isikwame. Hapo hakuna kosa. Kosa ni kutoliunganisha. Jalada halisi likipatikana, folio (hati zenye namba) za lile la muda zihamishiwe humo, zipewe namba mpya kwa mfuatano, na gamba la muda liharibiwe. Vinginevyo ofisi inabaki na majalada mawili ya suala moja, kila moja na uamuzi wake, na mwenye haki anaumia.

MamaMasijala
Umesema kweli, kaka. Niongeze kuhusu majina. Jalada linaloitwa "Mambo Mengineyo" au "Barua Mbalimbali" ni shimo. Barua ikikosa pa kukaa inatupwa humo, na baada ya mwaka hakuna anayejua kuna nini. Kabla ya kufungua jalada jipya, andika kwanza kazi ya ofisi (mfano Rasilimali Watu), kisha shughuli (Likizo), ndipo suala lenyewe. Zikifika barua tatu za suala moja ndani ya jalada la jumla, suala hilo lina haki ya jalada lake.

Folio iandikwe kwa wino mwekundu, kona ya juu kulia. Barua upande wa kulia, mpya juu, madokezo (maelezo ya ndani ya maofisa) kushoto. Jalada likikaribia folio 100 au unene wa sentimita 3, lifunge na ufungue juzuu inayofuata. Usingoje gamba lipasuke, karatasi za chini ndizo huchomoka kwanza.

SkanaIlemela
Wengi wanakimbilia skana wakidhani itapanga kilichoshindikana kupangwa. Ukiskani vurugu unapata vurugu ya kompyuta, na hiyo huwezi hata kuipekua kwa kidole. Panga kwanza, skani baadaye.

Kwa barua za kawaida, nukta 300 kwa inchi zinatosha. Zenye mhuri wa bluu au nyekundu skani kwa rangi. Ukitumia nyeusi na nyeupe tupu, mhuri mara nyingi unameza maandishi yaliyo chini yake. Hifadhi kama PDF/A, aina ya PDF ya kutunza kwa muda mrefu, si picha mojamoja. Ukurasa ukichukua kilobaiti 500, kurasa 100,000 ni kama gigabaiti 50, kwa hiyo nafasi ya diski si tatizo tena siku hizi. Kinachokula muda ni kutoa pini, kunyoosha kona, na kuhakiki. Tenga mtu mmoja wa kuandaa, mmoja wa kuskani, na wa tatu wa kulinganisha idadi ya kurasa na folio. Huyo wa tatu ndiye ofisi humwondoa kubana matumizi, na ndipo kurasa mbili zilizopita pamoja hazigunduliki.

Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio huu: 2024-03-15, kisha namba ya jalada, kisha folio. Hapo kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfuatano. Jina kama "barua mpya final 2" halimsaidii mtu.

Nakala ziwe tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja nje ya jengo. Diski ya akiba isikae imechomekwa muda wote. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha vitaifunga nayo. Na kila robo mwaka jaribu kurejesha faili kumi kutoka kwenye akiba. Akiba ambayo haijajaribiwa usiihesabu.

StooZiwani
Naomba tusisahau unyevu. Masika, stoo ya chini iliyo jirani na Mto Mirongo au iliyobanwa na mwamba hutoa jasho ukutani. Rafu zianze sentimita 15 kutoka sakafuni, ziachane na ukuta kwa upana wa mkono, zisikae chini ya bomba. Pini za chuma zinashika kutu na kutoboa karatasi, tumia tegi za plastiki. Mpira wa kufungia unayeyuka na kuganda, tumia utepe wa pamba. Mchwa kagua kwenye kona na nyuma ya rafu za mbao kila mwezi.

Majalada yakilowa, una takribani saa 48 kabla ya ukungu. Usianike juani, karatasi inakakamaa na wino unafifia. Tandaza kivulini penye feni, weka karatasi nyeupe zisizo na maandishi kati ya folio na uzibadilishe zikilowa. Yakiwa mengi kuliko mikono, funga mafungu madogo kwenye plastiki, yagandishe kwenye friza safi isiyo na samaki, kisha yatoe kidogokidogo ya kukausha. Ukungu hauendelei kwenye barafu.

DagaaNaHesabu
Wakuu, na sisi wa biashara binafsi huku Kirumba? Risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) zinafutika kabisa baada ya muda.

MamaMasijala
Karatasi ile inaandikwa kwa joto, mwangu, si kwa wino, ndiyo maana jua, joto na mifuko ya plastiki vinaifuta. Toa fotokopi kwenye karatasi ya kawaida siku unayoipokea, uibane na risiti halisi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na risiti nyeupe haitakutetea mbele ya mkaguzi.

Karani_Nyamagana
Kuhusu kuteketeza: ofisi ya umma haichomi jalada kwa uamuzi wa mkuu wa ofisi peke yake. Chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 kibali kinatoka kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Andaa orodha: namba, jina, tarehe ya kwanza na ya mwisho. Binafsi nao wasiuze makaratasi ya wateja kwa wafunga karanga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawagusa. Yachanwe vipandevipande.

SkanaIlemela
La mwisho ni WhatsApp. Maagizo ya kazi yanabaki kwenye simu ya mtu, na akihama yanaondoka naye. Hati ikija huko, ipakuliwe siku hiyohiyo, ichapwe, igongwe mhuri wa kupokelewa, ipewe folio. Agizo la sauti liandikwe kama dokezo, tarehe na saa, na aliyelitoa atie sahihi.

DagaaNaHesabu
Asante mama. Fotokopi naanza na bunda la mwezi huu, nikiteremka nyuma hadi zile ambazo bado zinasomeka.