Huyu mzee wa "baruti ni baruti" mmemlea wenyewe!

Wakuu tunaojijazia risasi nyumbani, nimetoka dukani sasa hivi, mikono bado inatetemeka, herufi zikiruka mtanisamehe.

Mnamjua. Simtaji. Uhaba wa baruti ukinong'onwa tu, yeye kashafika kaunta kabla mwenye duka hajapata ufunguo. 2013 alihodhi. 2020 akahodhi mpaka nikadhani anajiandaa kuivamia nchi jirani. Siku akifa msiwashe mshumaa msibani, mtaa wote utaruka.

Sasa leo mzigo umeingia. Baruti yangu ya raifo (bunduki ndefu), ile niliyoisubiri mpaka nikasahau rangi ya kopo lake. Mbele yangu kwenye foleni nani? Yeye. Kabeba yote. YOTE. Nikamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, niachie hata pauni moja." Akageuka, watu wote wanasikia, akaninyooshea kopo la baruti ya bastola: "Tia hii, punguza kidogo tu. Baruti ni baruti."

Baruti ni baruti!

Punguza kidogo kutoka wapi? Kipimo cha kitabu gani? Baruti ya bastola inaungua haraka. Ukiishindilia kwenye ganda la raifo shinikizo linapaa kabla risasi haijapita nusu ya mtutu, na bunduki inakufungukia usoni. Hilo analijua, ana vitabu vya vipimo kuliko maktaba. Halafu akacheka! Na wa kaunta naye akacheka!

Kumbe hajamaliza. Nje ananifuata, anafungua buti la gari, ananionyesha mtungi wa mayonezi umejaa unga wa kijivu, hauna lebo, hauna chochote. "Hii nakuuzia kwa bei ya undugu." Bei yenyewe mara mbili ya dukani. Nikauliza ni baruti gani. Mnajua alichojibu? Mnajua kabisa alichojibu.

BARUTI. NI. BARUTI.

Haya semeni.

GandaTupu: 😂😂😂 Mtungi wa mayonezi! Mkuu uliangalia tarehe ya kuisha?

Mpiga_Shabaha: Mimi aliniuzia mtungi kama huo. Nilipofungua ukanipiga harufu kali ya uchachu, na vumbi la kutu juu yake. Hiyo imeshaanza kuoza. Nikaimwaga.

FundiChuma: Kwa kumtetea kidogo (msinipige), H110 na W296 ni baruti ileile kwenye makopo mawili. HP-38 na W231 vilevile. Kwa hiyo mara nyingine baruti ni baruti.

Mleta uzi: Wewe FundiChuma ni mpwa wake au?

FundiChuma: Ngoja nimalize basi. H4350 na IMR 4350 SI ileile, namba isikudanganye. Hata ile orodha ya kasi ya kuungua inakuonyesha nani anamtangulia nani, haikupi kipimo cha kujaza. Baruti ikiwa haina kipimo kilichochapishwa kwa risasi yako, iache dukani.

Mleta uzi: Sasa hayo ndiyo aliyopaswa kuniambia! Yeye kaniambia nini? Mbele ya watu!

KimyaKimya: Mkuu tumeshasikia, baruti ni baruti. Endelea.

Bi_Mizani: Tuseme ukweli, mleta uzi unalia kwa sababu mzee aliwahi foleni. Ungefika wewe kwanza ungebeba zote na huu uzi usingekuwepo.

GandaTupu: Dada kapiga katikati ya shabaha 😂

Mleta uzi: Ningebeba mbili. Labda tatu. Hoja ni alivyocheka.

Mpiga_Shabaha: Hivi anazilaza wapi zote hizo? Viwango vya NFPA (chama cha kinga ya moto) kule Marekani ni pauni 20 nyumbani, ndani ya makopo yake ya asili. Ukizidi, mpaka 50, unatakiwa kuwa na sanduku la mbao lenye kuta za inchi 1.

KimyaKimya: Kitanda chake ni cha mbao. Kuta sijazipima.

Raundi_ya_Mwisho: Nyie mna bahati mnalilia baruti. Mimi baruti ninayo, viwashio (vile vya kuiwasha baruti ndani ya ganda) sina hata kimoja! Kabati limejaa makopo, maganda yameng'aa, vichwa vya risasi vimepangwa, natazamana navyo tu kila jioni.

GandaTupu: Viwashio ndiyo janga lenyewe. Dukani wanakupa boksi moja kwa kila mtu, jamaa anakuja na mke, watoto na shemeji.

Mleta uzi: Jamani tulikuwa kwenye habari ya yule mzee

Bi_Mizani: Heri hao wa foleni. Kuna mtu humu ndani aliazima mizani yangu ya kupimia baruti kabla ya uhaba, mpaka leo kimya. Nami simtaji, lakini anasoma hapa.

Raundi_ya_Mwisho: Mmh. Ya betri au ile ya mkono?

Bi_Mizani: Ya mkono.

Raundi_ya_Mwisho: Basi siyo mimi.

KimyaKimya: Dada, ya betri yako iko wapi?