Odita akisaini uongo, sisi wenye pesa tumshtaki wapi?

Jamani leo wacha niseme tu. Sacco yetu hapa Kampala kila mwaka kwenye mkutano mkuu tunasomewa ripoti ya odita, hesabu safi, tunapiga makofi tunakula pilau tunaenda nyumbani, sasa tunaambiwa mikopo mingi vitabuni ni ya watu ambao hakuna anayewajua na akiba haitoki. Odita alikagua nini? Alifungua hata faili moja ama alisainia chai?? Eti mkutano ndio unamchagua, kumbe bodi inaleta jina moja sisi tunanyoosha mikono, halafu bodi hiyo hiyo ndiyo inamlipa.

Nauliza pa kushtaki naambiwa nenda ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda. Sawa, sheria ya wahasibu ya 2013 imewapa hiyo kazi, wanatoa leseni, wana kamati ya nidhamu. Lakini si ni chama cha wahasibu wenyewe! Wanachama wanalipa ada, wanapigia kura baraza, halafu baraza limuadhibu mwanachama? Kesi ya nyani hakimu ngedere. Sisemi ni wezi, wako wazuri wengi, mpangilio ndio mbovu.

Marekani walifunzwa na Enron, kampuni kubwa ya nishati iliyopika hesabu. Mwaka 2000 maodita wake, Arthur Andersen, walivuna kwake kama dola milioni 25 za ukaguzi na 27 za ushauri, sasa nani angemwambia mteja kama huyo hesabu zako chafu? Enron ikaanguka 2001, 2002 ikatungwa sheria iliyoleta PCAOB, bodi ya kuwasimamia maodita, wajumbe watano na wahasibu ni wawili tu, na wakikagua kampuni ya maodita ripoti inatoka na jina la kampuni, kila mtu anaisoma. Tusiende mbali, Afrika Kusini wana IRBA, bodi yao ya kusimamia maodita, kwa sheria ya 2005, iko kando na chama cha wahasibu.

Sisi je? Crane Bank ilichukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016, Januari 2017 ikaenda kwa benki ya dfcu, baadaye COSASE, kamati ya Bunge ya mashirika ya umma, wakawabana wakubwa wa Benki Kuu kuhusu mabenki saba yaliyofungwa, nchi nzima ikasikia. Waliokuwa wanasaini hesabu za mabenki hayo kila mwaka, nani aliwapigia kelele hata nusu ya zile?

Na wewe unayekuja kuniambia niende kortini, tuma kwanza pesa ya wakili kwa mobile money. Yangu iko kwa sacco.