Ripoti ya matangazo imejaa CRT, ROSA na "leeds". Naisomaje?

MshonaMikoba (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Nauza mikoba ninayoshona mwenyewe, na kuna kijana ananisimamia matangazo ya mtandaoni. Jana kaniletea ripoti ya mwezi, nimeikodolea macho mpaka basi. Naiweka kama ilivyo, herufi kwa herufi:

Impreshens 20,000. Richi 31,000. Kliki 400. CRT 2%. CMP 12.5. Leeds 20. CVR 5%. Bounce 61%. Referer: Instagram 70%. Matumizi 250, mauzo 800, ROSA 3.2.

Nikaingia Google. CRT ikaniletea televisheni za zamani, zile zenye kisogo. Leeds ikaniletea klabu ya mpira ya Uingereza. ROSA ndiyo kabisa, majina ya akina mama watupu. Nikimuuliza mwenyewe anasema, "Hayo mambo ya kitaalamu dada, wewe angalia matokeo." Matokeo yenyewe ndiyo hayo nisiyoyaelewa! Nisaidieni maana ya haya maneno, halafu mniambie kama nimepigwa.

Kiberiti
Umepigwa. Mtu hajui hata kuandika jina la kazi yake, ataifanya vipi? Vunja mkataba leo.

Tarakimu
Kiberiti punguza moto, kukosea herufi si wizi.

Dada, herufi ziache kwanza, shika namba. Vifupisho vingi vya matangazo ni majina ya hesabu ndogo tu, kitu kimoja kugawanywa kwa kingine. Ukijua ni nini kimegawanywa kwa nini, umejua jina hata kama limeandikwa kichwa chini.

Chukua 400 gawa kwa 20,000. Unapata 2%. Basi CRT yake ni CTR: kati ya mara zote tangazo lilipoonekana, ni asilimia ngapi mtu alibofya. Chukua matumizi 250, gawa kwa 20,000, zidisha kwa 1,000. Unapata 12.5. Hiyo CMP ni CPM, gharama ya tangazo kuonekana mara elfu moja. (M hapo ni elfu ya Kirumi. Wengi wanaisoma milioni, kisha wanashangilia bei rahisi ambayo haipo.) 800 gawa kwa 250 ni 3.2, kwa hiyo ROSA ni ROAS, mauzo yaliyopatikana kwa kila moja uliyotumia kwenye tangazo. "Leeds" ni lidi, wateja watarajiwa: walioacha namba, walioulizia bei. Hawajanunua bado.

Mpaka hapo ni herufi tu. Kinachonisumbua ni mistari miwili ya juu. Richi ni idadi ya watu walioliona tangazo. Impresheni ni idadi ya mara lilipoonekana. Mtu mmoja anaweza kuliona mara tatu, ila haiwezekani watu 31,000 waone kitu kilichoonekana mara 20,000. Kazigeuza.

Kiberiti
Si nilisema? Kagawa kwa namba ndogo ili CTR ipande. 400 kwa 31,000 ni kama 1.3%, yeye kaandika 2%.

Tarakimu
Ingekuwa hila, angeficha na CPM. Kwa 31,000 CPM inashuka mpaka kama 8, maana yake tangazo lilikuwa nafuu kuliko alivyoandika. Kosa hilohilo limempamba sehemu moja na kumchafua sehemu nyingine. Mwizi hajiibii. Huyu ni mzembe, kanakili safu vibaya kisha akapiga hesabu juu ya kosa.

Ila CVR, yaani asilimia ya waliobofya wakafanya kile ulichotaka, simwachii. 20 gawa kwa 400 ni 5%, ina maana anahesabu lidi kama ndio mavuno. Wengine hutumia CVR kwa lidi na si kosa, mradi waseme. Mleta uzi, wewe ulipokea oda ngapi zilizolipwa?

MshonaMikoba
Nane. Wengine waliuliza rangi wakapotea.

Tarakimu
Basi kwa wanunuzi ni 8 kwa 400, yaani 2%. Mwambie aandike zote mbili, kila moja na jina lake.

Mzee wa Seva
Naingilia kidogo kumtetea kijana. "Referer" si kosa lake. Kwa Kiingereza sanifu neno hilo lina r mbili katikati, lakini liliingia kwenye maelezo rasmi ya HTTP (lugha ambayo vivinjari na tovuti huongea), RFC 1945 ya mwaka 1996, likiwa limepungukiwa r moja. Programu zikajengwa juu yake na halikurekebishwa tena. Mpaka leo kivinjari chako kinatuma neno hilo lenye kosa kila siku. Maana yake ni mahali mgeni alikotoka kabla ya kufika kwako. Kwa hiyo usisahihishe kila kitu kinachoonekana kimekosewa, hasa kama kimetoka kwenye mashine.

Bounce nayo muulize imepimwa na nini. Zamani kwenye Google Analytics, chombo cha Google cha kupima wageni wa tovuti, ilikuwa mgeni aliyefungua ukurasa mmoja akaondoka bila kugusa kingine. Toleo hilo la zamani liliacha kupokea takwimu Julai 2023. Kwenye hili jipya, GA4, ziara inahesabika hai ikizidi sekunde 10, au ikifungua kurasa mbili na kuendelea, au mgeni akifanya tukio ulilolitaja kuwa muhimu. Bounce ni zile zilizobaki. Mtu akikaa dakika mbili kwenye picha ya mkoba mmoja kisha akaondoka, kwa hesabu ya zamani ni bounce, kwa mpya si bounce. Ukilinganisha 61% na makala ya mwaka 2015 utajitia presha bure.

Pilipili_Manga
Kuhusu kutafuta: ukiandika CRT peke yake, Google itakupa CRT maarufu kuliko zote duniani, ndiyo hizo televisheni zako. Ongeza majirani zake. Andika "CRT kliki impresheni matangazo" na uone inakokupeleka. Na kama unataka neno lilelile bila kusahihishwa, lifunge kwenye alama za kunukuu. Mimi huwa natafuta mara mbili, na alama na bila alama. Likikosekana kabisa na alama, kuna uwezekano mkubwa mtu kalikosea au kalibuni. Hawa watu wanapenda kubuni, kila msimu "mfumo" mpya wenye herufi tano kubwa.

Ila tahadhari, CMP ipo kweli. Ni vile visanduku vya kukuomba ruhusa ya vidakuzi. Ungeamini jibu la kwanza ungedhani umelipia hicho.

MshonaMikoba
Asanteni sana, nimeanza kupumua. Kwa hiyo ROAS 3.2 ni nzuri? Kijana ameiwekea rangi ya kijani.

Tarakimu
Rangi ameiweka yeye. Kwenye kila mkoba, ukitoa kitambaa, zipu, kufunga na kusafirisha, unabaki na asilimia ngapi?

MshonaMikoba
Kama 30.

Tarakimu
30% ya 800 ni 240. Tangazo limekula 250. Umepoteza 10, na hapo malipo ya kijana bado hatujayagusa. Gawa 1 kwa 0.30 unapata 3.33. Hiyo ndiyo ROAS ya kurudisha gharama ya tangazo kwako wewe. Anayebaki na 50% anahitaji 2 tu, kwa hiyo 3.2 hiyohiyo kwake ni sherehe. Ndiyo maana sipendi mtu anayeuliza "ROAS nzuri ni ngapi" bila kutaja faida yake.

Mwezi mmoja haukutoshi kumfukuza mtu, oda nane ni chache mno. Wakiongezeka wanunuzi wawili picha inageuka.

Kiberiti
Sawa, nimepoa. Lakini ameahidi chochote kuhusu kutokea wa kwanza Google?

MshonaMikoba
Eeh! Kaandika chini kabisa, "SOE nafasi ya kwanza guaranteed".

Mzee wa Seva
Hiyo ni SEO, kuipanga tovuti ili ionekane kwenye matokeo yasiyolipiwa. Herufi msamehe, ahadi usimsamehe. Google wenyewe wameandika kwenye mwongozo wao kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Mwambie aufute mstari huo au aandike ni kwa neno gani la kutafuta, maana kuwa wa kwanza kwa jina la duka lako mwenyewe ni rahisi.

Pilipili_Manga
Na muombe ruhusa ya kutazama tu kwenye akaunti ya matangazo. Ipo, haimpunguzii kitu. Huko majina yameandikwa na mashine, hutahitaji kubahatisha.

MshonaMikoba
Nimemwandikia sasa hivi mambo manne: richi na impresheni, CVR ya wanunuzi, huo mstari wa SEO, na ruhusa ya kutazama. Amejibu moja tu, eti impresheni na richi "ni kitu kimoja". Nimemrudishia 20,000 na 31,000 nikamuuliza kama ni kitu kimoja mbona zimetofautiana. Bado anaandika...