Laina ya bodi kwa pikapu inayokwenda Dodoma: plastiki, ya kupuliza au mpira?

Swali, kutoka Reading, Uingereza

Wanajamii, salaam. Gari ni Mitsubishi L200 double cabin ya 2016, limenunuliwa huku na litapanda meli hadi Dar, kisha Dodoma. Kazi zake: saruji na tofali za ujenzi Ihumwa, kreti za zabibu kutoka Hombolo msimu ukifika, mbuzi wa mnada wa Msalato, na siku nyingine mizigo ya nyumbani tu. Ndani ya bodi kuna laina, yaani ganda la kukinga bati, ya plastiki iliyokuja na gari. Niiache ilivyo, niitoe nipulizishe huku kabla ya kusafirisha, au kazi yote ifanyike Dodoma?

Jibu, kutoka Leicester

Dada, kabla ya laina, jua kwanza chini ya hiyo plastiki kuna nini. Gari la Uingereza limepita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kila majira ya baridi. Maji ya chumvi yakishaingia kati ya plastiki na bati hayapati jua wala upepo, yanakaa humo wiki nzima. Tangazo la muuzaji halionyeshi hilo.

Itoe. Kwa kawaida imeshikwa na skrubu au bolti za ukingoni, na kipande cha mlango wa nyuma kina skrubu zake. Watu wawili wanatosha: vuta kuta zake kwa ndani, inua upande wa mlango, halafu ivute nje. Msiifanye kwenye baridi kali, plastiki hukakamaa na inaweza kupasuka kona.

Angalia hasa matundu ya skrubu, mkunjo ambapo sakafu inakutana na ukuta wa nyuma ya kebini, juu ya nundu za matairi, na matundu ya kutolea maji. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na ukichokoa bisibisi inazama. Panapozama pakatwe na kuchomelewa bati jipya. Kuchomelea kunaweza kusubiri Dodoma ambako ni nafuu, lakini kutu haisubiri meli. Huku huku isagwe mpaka chuma king'ae, ipakwe epoksi praima (rangi ya msingi ya kukinga chuma), ndipo gari lisafiri.

Kuhusu ya kupuliza, zipo mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni poliyurea ya moto, kama ya Line-X: mashine inapasha kemikali mbili, zinakutana kwenye ncha ya gani (bunduki ya kupulizia rangi) kwa shinikizo kubwa na kuganda ndani ya sekunde chache. Unene wake ni milimita 2 hadi 3 na haihamishiki, ni kazi ya karakana yenye mashine hiyo. Ya pili ni rangi nzito ya chupa, kama Raptor ya U-POL: chupa ya mililita 750 unaongeza mililita 250 za hadina (kemikali ya kuigandisha), unatikisa, unapuliza kwa gani yake na kompresa ya kawaida. Ni nyembamba zaidi, haifiki hata milimita moja, lakini ikichubuka fundi yeyote wa rangi anaweza kuiziba. Kama karakana ya poliyurea iko karibu nawe na bati ni zima, fanya hiyo kabla ya kusafirisha. Bati likiwa na viraka vya kuchomelea vinavyosubiri, usipulizie kitu sasa.

Jibu, kutoka Kizota, Dodoma

Shikamoo dada, shikamoo kaka. Nakubaliana na kutoa plastiki, ila sababu ya huku si chumvi, ni vumbi. Vumbi letu la kiangazi ni laini, linapenya kila upenyo. Likishakaa chini ya plastiki, gari likitikisika njia ya Hombolo linakuwa msasa: plastiki inasugua, rangi inaisha, bati linabaki tupu. Halafu Desemba mvua zinaanza, matundu ya kutolea maji yameshazibwa na tope, maji yanalala juu ya bati tupu. Anayeng'ang'ania plastiki basi aitoe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa mvua na kabla hazijaanza, aoshe chini yake na kuzibua matundu.

Jambo jingine ni utelezi. Mfuko wa saruji juu ya plastiki unateleza kama sabuni. Ukifunga breki ghafla unagonga ukuta wa mbele na kupasuka. Mbuzi ndio hawasimami kabisa. Na mkojo wa mifugo na mbolea ya urea vinakula chuma vibaya, vikichuruzika chini ya laina huvioni mpaka pametoboka.

Kwa kazi ulizotaja ningepulizia, na fundi wa Dodoma anaweza kuifanya hii ya chupa vizuri akisimamiwa kwenye maandalizi. Bodi ya double cabin ni kama mita 1.5 kwa 1.5, kuta hazifiki nusu mita. Jumla pamoja na mlango na nundu ni kama mita 6 za mraba. Kasha la chupa 4 linatosha mikono miwili, yaani tabaka mbili. Single cabin yenye bodi ya mita 2.3 inataka chupa 5 au 6, usimruhusu fundi alivute kasha moja lienee, utapata ngozi nyembamba ambayo tofali zitaimaliza.

Kazi inaharibikia kwenye kusugua. Fungua kulabu za kufungia mzigo, lachi za mlango na taa za nyuma. Usikubali zizungushiwe karatasi tu, kwa sababu rangi ikiishia pembeni ya bolti ndipo inapoanza kubanduka. Osha kwa sabuni, kausha, futa kwa thina kwa kitambaa safi, ndipo usugue kwa msasa namba 180 mpaka rangi yote ya zamani ipoteze mng'ao, pamoja na ndani ya mifereji ya sakafu ambako mashine haifiki na mkono unatakiwa. Ukianza kusugua kabla ya kufuta mafuta, unayakandamiza ndani ya mikwaruzo. Jaribio rahisi: mwagia maji. Yakitanda sawasawa, endelea. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo. Kausha kabisa kabla ya kupuliza, na kila palipobaki chuma kitupu pakae epoksi praima.

Wakati ni saa 1 hadi saa 4 asubuhi, ndani ya banda. Kuanzia Juni upepo wa mchana unabeba vumbi hadi kwenye rangi mbichi, na bati lililopigwa jua linafanya rangi ikauke kabla haijashika. Sakafu ya banda imwagiwe maji jioni ya jana yake. Bodaboda wote wa jirani wanajua kompresa ya kujazia matairi upepo. Hiyo haitoshi, tafuteni yenye tangi la kutosha na chujio la maji. Unyevu ukiingia kwenye hadina rangi inatoa mapovu. Shinikizo bar 3 hadi 4, gani iwe kama sentimita 45 kutoka kwenye bati. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, subiri kama saa moja, ndipo wa pili mzito. Matundu ya kutolea maji yazibwe kwa vijiti vya karatasi na vitolewe rangi ikiwa bado laini. Mizigo mizito isubiri wiki nzima.

Jambo ambalo mafundi wetu wanalidharau: hadina hizi zina isosayaneti, kemikali inayodhuru kifua. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii chochote. Inatakiwa ya kuletewa hewa safi kwa mpira, kwa sababu kifua kikishaizoea vibaya, hata harufu kidogo baadaye inaleta pumu.

Jibu, kutoka Muscat

Ndugu, msisahau mpira. Kipande cha mpira wa mazizi ya ng'ombe, unene wa milimita 10, kikikatwa kwa sakafu ya mita 1.5 kwa 1.5 kinapata kilo 27 hivi. Kinalazwa juu ya bodi iliyopulizwa bila gundi, kinapokea makonde ya tofali, mbuzi wanasimama juu yake, na ukifika nyumbani unakikunja na kuosha. Bila kupuliza chini yake nisingekishauri, kwa sababu nacho kinaficha maji.

Uzito huo uhesabuni. L200 inabeba karibu tani moja pamoja na abiria. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 tayari ni tani, kwa hiyo wakipanda watu wanne, mifuko ishuke hadi 14 hivi.

Na kuna la moto. Msijaze dumu la petroli likiwa juu ya bodi yenye plastiki. Umeme tuli unaozaliwa na mafuta yakitiririka haupati njia ya kwenda ardhini, cheche inaruka kati ya dumu na ncha ya bomba la mafuta. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilitoa onyo juu ya hili mwaka 1998. Dumu lishushwe chini kwenye sakafu ya kituo, ncha ya bomba iguse mdomo wa dumu wakati wote wa kujaza. Mpira nao uchukulieni vivyo hivyo.

Swali la nyongeza, Reading

Marahaba mdogo wangu, asanteni wote. Plastiki imetoka. Kutu ipo nyuma ya kebini, bisibisi haikuzama. Karakana ya poliyurea iko mbali. Naweza kutuma kasha la chupa kwa mtu anayekuja na ndege? Na juu ya ukingo pia papulizwe?

Jibu, Leicester

Kwa ndege hapana. Rangi na hadina ni vitu vya kuwaka, haviruhusiwi kwenye begi la mkononi wala la kupakia. Muulize wakala wa meli kabla ya kuzifungasha popote, maana hata baharini vitu hivi vina masharti ya kutangazwa. Njia fupi ni kupulizisha huku kwa fundi wa kawaida wa rangi, kwa kuwa bati lako ni zima. Chagua rangi iliyoandikwa kwamba inastahimili jua; nyingine nyeusi zinapauka zikawa kijivu, na jua la Dodoma halina subira.

Ukingo upulizwe, ndiko mikanda ya turubai inakosugua. Ila kama mnafikiria baadaye kufunga kava la juu, pima kwanza mahali vibano vyake vinapokaa na paache na rangi ya kawaida, la sivyo mpira wa kuzuia maji hautashika kwenye vinundu vya rangi hii.

Bakiza chupa moja ya ziada isiyochanganywa, pamoja na hadina yake, kwa viraka vya baadaye. Ikishachanganywa una saa moja hivi kwenye nyuzi 20, na pungufu kwenye joto. Gani ioshwe kwa thina papo hapo, kwa sababu ikigandia ndani haifunguki tena.