Mtoto ananifungia kitabu kabla sijamaliza kusoma, nifanyeje?

MamaZuu, Makorora
Hamjambo humu. Binti yangu ana mwaka na miezi minane, shangazi yake kamletea vitabu vya picha toka Dar, vyote vya Kiingereza. Sasa kila nikianza kumsomea hanipi nafasi, mie niko mstari wa kwanza yeye keshafunua mpaka mwisho, mara akitie mdomoni, mara akifunge anipe kingine. Na picha zenyewe ni theluji tupu na watoto wamevaa makoti, joto lote hili la Tanga! Nisome hichohicho Kiingereza akizoee au niache mpaka akue? Baba yake anasema bora awekewe katuni kwenye simu atulie.

Bwana Kisosora
Mtoto hata kuongea bado unamsomea kitabu? Mwache acheze mchanga, shule ipo haikimbii. Sie tumekuzwa na hadithi za bibi tu na tukasoma vizuri.

mwl_Pongwe
Kaka hapo kwa bibi ulikuwa unaulizwa na unaitikia, ndo hichohicho tunachosema, kitabu hakikuwepo tu.
MamaZuu, achana na maandishi kwanza. Wa umri huo hafuati kisa, anafuata picha na sauti yako. Fungua ukurasa anaoutaka yeye, muulize paka yuko wapi, akinyoosha kidole msifie, akisema "paka" we ongezea "ehee, paka mweusi kalala", halafu nyamaza kidogo umsubiri, wengi tunashindwa hapo pa kusubiri maana watu wazima tuna haraka. Hii ina utafiti wake, Grover Whitehurst na wenzake Marekani waliuchapisha 1988, wazazi walifundishwa kuuliza na kumwacha mtoto aeleze badala ya kusoma tu moja kwa moja, na baada ya mwezi watoto wao wakawa wanajieleza kuliko wale waliosomewa kawaida ingawa wote walisomewa mara zilezile. Na walikuwa wadogo wa miaka miwili hivi, sawa na Zuu.
Akifunga ndo kachoka, muwekee, dakika mbili tatu zinamtosha. Mdomoni usigombe, kurasa ngumu zile zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ongea naye Kiswahili chenu cha nyumbani, theluji iruke.
Kuhusu katuni, mwonyeshe baba mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2019, mtoto wa mwaka mmoja hapendekezwi kuwekwa mbele ya skrini, akikaa ametulia bora asomewe au asimuliwe na mlezi wake.

Shoga wa Chumbageni
Mie vitabu vya dukani bei ilinishinda nikatengeneza cha kwangu. Nilipiga picha kwa simu, bibi yake, baiskeli ya babu, ngalawa, machungwa ya Muheza, paka wa jirani, nikaenda stationari ya Ngamiani wakaniprintia kila picha ukurasa mzima, nikapiga laminesheni, nikatoboa na kufunga kamba. Shoga angalia, kona za laminesheni zikate ziwe duara zinachoma mno. Huyu wangu alikuwa akimwona bibi kwenye ukurasa anapiga kelele mtaa mzima unasikia.
Pia ingia tovuti ya African Storybook, kuna hadithi za picha za Kiswahili bure kabisa, unashusha unaprint. Chagua zenye sentensi moja kila ukurasa, ndefu hatokuvumilia.

MamaZuu, Makorora
Asanteni jamani, mwalimu ubarikiwe. Nimemsomea baba Zuu majibu yenu, kasema hiyo albamu kama haina picha ya bodaboda yake yeye hahusiki 😂

Shoga wa Chumbageni
Muweke ukurasa wa kwanza, ila mwambie aioshe kwanza ndo upige picha.