Zana yenye maelezo ya sentensi moja imetufutia machapisho 38 ya duka

Wenzangu, naandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha.

Mamangu mdogo ana duka la leso katika Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa. Kwa miaka minne ukurasa wake umekuwa daftari la duka: kila leso mpya ikiingia hupigwa picha ionekane pindo na mji wake, na jina lake likaandikwa upya chini ya picha, ili mteja aliye Lamu au Kwale aweze kulitafuta. Wateja nao wakaongeza yao. Huyu anaeleza leso ile alimpa nani siku ya harusi, yule anauliza kama jozi nyingine imebaki. Mimi ndiye ninayeutunza ukurasa huo, na mwezi uliopita niliuunganisha na wakala wa akili unde, yaani programu inayopewa agizo ikalitekeleza yenyewe, pamoja na zana inayomwezesha wakala kufuta machapisho.

Nilimwagiza kitu kimoja tu: aondoe tangazo la bei za Idi ya Mfunguo Mosi, kwa kuwa msimu ulikuwa umepita. Niliporudi kutoka kuswali Magharibi, machapisho 38 yalikuwa hayapo.

Nilikesha nikisoma kumbukumbu za kazi ya wakala, na yaliyotokea ni haya. Zana ile hupokea ama nambari ya chapisho ama neno. Ikipewa neno, hufuta chapisho la karibuni zaidi lenye herufi hizo, hata kama zimo katikati ya neno jingine. Wakala alituma neno «idi». Sasa, kila tangazo la duka letu humalizika kwa «kwa maelezo zaidi piga simu», na ndani ya «zaidi» mna «idi». Zana ikafuta leso iliyowekwa jana yake, ikajibu kwamba imefanikiwa, bila kutaja ni chapisho gani lililofutwa. Wakala akautazama ukurasa, akaona tangazo la Idi lingalipo, akatuma tena. Akaendelea hivyo, chapisho baada ya chapisho, hadi alipolifikia lile tangazo lenyewe, na hapo akaniarifu kwamba kazi imekamilika.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa mahali popote. Maelezo yote ya zana yalikuwa sentensi moja, kwamba inafuta chapisho kwenye ukurasa wa mtumiaji.

Niliwaandikia waundaji wake. Wakanijibu kwamba zana ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa, kwamba wakala ndiye hakuwa makini, na kwamba maelezo yataboreshwa nafasi ikipatikana. Jibu hilo la mwisho ndilo lililonichoma, kwa sababu linaonyesha hawajui walichokiunda. Mtu akikuta maelezo mafupi husita, huuliza, hujaribu kwanza kwenye chapisho lisilo na thamani. Wakala hana pengine pa kuangalia. Anachokijua kuhusu zana ni jina lake, maelezo yake na orodha ya vitu inavyopokea, na kwa hayo ndiyo anaamua aitumie lini na namna gani. Maelezo hayo ni sehemu ya mashine yenyewe, kama breki zilivyo sehemu ya gari, na aliyeyaacha nusu ametoa mashine nusu.

Tena lipo jambo zito zaidi. Zana hiyo inafuata MCP, itifaki ya kuunganisha programu za akili unde na zana, ambayo kampuni ya akili unde ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024. Tangu toleo la Machi 2025, itifaki hiyo ina alama ambazo mwundaji anaweza kuzitumia kueleza tabia ya zana, na mojawapo inasema kama zana inaweza kuharibu kitu. Mwundaji asipoandika lolote, inachukuliwa kwamba inaweza. Maana yake ni kwamba mtu alikaa, akaandika kwa mkono wake kwamba zana ya kufuta haiharibu chochote, na programu ninayomwendeshea wakala, ikiitegemea alama hiyo, haikuniomba idhini. Nakubali kwamba itifaki yenyewe inaonya kuwa alama hizi zisiaminiwe kama humwamini aliyeziandika. Kosa langu ni kuwaamini, na sitawaamini tena.

Wala msiniambie kwamba haya ni mambo magumu. Watu wa mtandao wa kijamii wa Mastodon wanaeleza wazi kwamba ombi la kufuta hutaja nambari ya chapisho moja, kwamba jibu lake hurudisha maandishi yaliyofutwa ili mwenyewe aweze kuyaweka upya, na kwamba mtu hawezi kufuta zaidi ya machapisho 30 katika dakika 30. Sisi tungerudishiwa maandishi peke yake, tungekuwa tumeokoa majina yote ya leso usiku uleule.

Ninachodai ni kwamba maelezo ya zana hii yaseme inapokea nini na isichopaswa kupewa, neno linalinganishwa vipi, ombi likirudiwa hutokea nini, maoni ya wateja yanakwenda wapi chapisho likifutwa, na kama kuna njia yoyote ya kulirudisha. Alama ile ya uongo nayo iondolewe leo, wala isingoje nafasi. Utafutaji kwa neno ningeuondoa kabisa, maana sioni kwa nini zana ya kufuta ipewe ruhusa ya kukisia.

Katika simu ya mamangu mdogo tumepata picha 11. Maoni hatukupata hata moja. Juzi mteja alipiga simu kutoka Malindi akiulizia leso aliyoiona pale baada ya Idi, jina lake halikumbuki, na mamangu mdogo hakuwa na cha kumwonyesha. Nimeitazama tena zana ile kabla ya kuandika haya. Maelezo yake bado ni sentensi ileile moja.