Mjadala: Sukuma wiki ya kando ya barabara ipigwe marufuku?

Mwenye hoja, Kisumu: Sukuma wiki inapandwa hatua tatu kutoka lami, malori na matatu yanaitemea moshi wenye risasi, ile metali yenye sumu, kutwa kucha, kisha inapelekwa soko la Kibuye. Kaunti ipige marufuku kilimo ndani ya mita 30 za barabara kuu. Anayepinga alete sababu.

Fundi wa Dizeli, Kondele: Napinga. Petroli ya risasi iliondolewa Kenya 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani, ikaacha Julai 2021. Dizeli nayo haikuwekwa dawa hiyo ya risasi. Iliwekwa kwenye petroli ili injini isigonge, na injini ya dizeli inataka kinyume: mafuta yanayowaka upesi. Lori likitoa moshi mweusi hapa Kondele, hayo ni masizi: nozeli zimechoka, kichujio cha hewa kimeziba, au pampu imeongezwa mafuta ili gari lipande mlima. Moshi wa buluu ni oili inayoungua kwa sababu ringi zimelika, na oili hubeba zinki. Masizi yanaumiza mapafu na moyo, sibishani. Ila risasi usiitafute humo.

Bwana Shamba: Fundi, moshi umeutetea vizuri, udongo umeusahau. Risasi haiozi. Iliyotemwa kabla ya 2006 bado imelala kwenye sentimita chache za juu karibu na lami, na hupungua kadiri unavyosogea mbali. Ongeza vumbi la breki lenye shaba, la tairi lenye zinki, na vile vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu vinavyochomoka na kusagwa barabarani.

Hata hivyo, marufuku bila kupima siungi mkono. Chota udongo wa sentimita 5 za juu mahali kama 15, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki, utoe nusu kilo. Ndoo ya mabati itakudanganya, kwa kuwa imepakwa zinki. Maabara uiombe kipimo cha risasi yote. Kile cha kawaida cha rutuba hakiionyeshi kabisa. Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200 mnamo Januari 2024. Kwa mboga za majani, kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 0.3 kwa kilo.

Sehemu kubwa hukaa juu ya jani kama vumbi, haipandi kwa mizizi. Osha kabla ya kukatakata: siki vijiko 3 vya mezani kwa lita 4 za maji, kisha suuza. Ukiwa na shamba la karibu na lami, panda nyanya au maharagwe, maana tunda hupokea kidogo kuliko jani au mzizi. Weka samadi, na chokaa ikiwa pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, iko chini ya 6.5.

Muuguzi, Nyalenda: Mnabishania jani na mtoto anacheza kwenye udongo huohuo, mikono mdomoni. Mtoto mdogo hufyonza hadi nusu ya risasi anayomeza, mtu mzima kama sehemu moja kwa kumi. Akipungukiwa na madini ya chuma au kalsiamu, hufyonza zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango salama. Ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe. Dalili za mapema hazionekani: anachelewa kujifunza tu, au damu inapungua na tunampa vidonge vya chuma bila kuuliza zaidi. Tone la kidoleni likitoa namba ya juu, rudia kwa damu ya mshipa, kwani vumbi la ngozi huchafua kipimo. Na akina mama wajawazito mnaokula odowa, ule udongo wa kutafuna: risasi ikiwemo, hupita kondo la nyuma.

Wa Nakuru: Huku mvua inasomba vumbi hilo hadi ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki kwenye tope.

Fundi wa Dizeli: Nakubali ya udongo. Lakini anayevunja betri nyuma ya gereji na kuyeyusha plati zake za risasi kwa jiko la makaa anamwaga risasi kuliko msafara wa malori. Mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa ulichafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020.

Mwenye hoja: Basi mita 30 nazirudisha mfukoni kwa sasa. Kipimo alipe nani, mkulima?

Bwana Shamba: Kaunti. Ianze na mashamba yanayopakana na gereji, ndipo ifuate barabara.